Mtungi wa lita 20 na watu sita nyumbani: kila mtu anywe maji kiasi gani kwa siku?

Fundi Cherehani, Majengo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa hesabu ambayo nimeshindwa kuipatanisha. Katika makundi ya WhatsApp umeenea ujumbe unaosema kwamba kila mtu mzima lazima anywe lita nne za maji kwa siku, na kwamba asiyefanya hivyo anaharibu figo zake. Shuleni tulifundishwa bilauri nane. Nilipotafuta mwenyewe nilikuta lita 2.7 kwa wanawake na lita 3.7 kwa wanaume, kisha mahali pengine nikakuta lita 2 na lita 2.5, na kila mwandishi anadai kwamba takwimu zake zimetoka kwa wataalamu.

Siulizi kwa udadisi tu. Maji ya mfereji kwetu hufika kwa zamu, na yanapokatika tunanunua ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20. Maji ya kisima cha mtaa yana munyu, kwa hiyo hayo tunayatumia kufulia na kuoshea vyombo. Nyumbani tuko sita: mimi, ambaye nashona kutwa nikiwa nimekaa chini ya feni, mume wangu, ambaye ni hamali wa kupakua magunia katika maghala ya Shimanzi, mama mkwe, ambaye ana zaidi ya miaka 70 na anatumia dawa za presha, binti yetu wa miaka 7, na wifi yangu pamoja na mwanawe wa miezi mitatu anayenyonya. Ningependa kujua kila mmoja anahitaji kiasi gani katika joto hili la kaskazi, ili nijue mtungi mmoja wa maji ya kunywa unapaswa kutufikisha wapi.

Afisa wa Kliniki, Kisauni

Wa alaykum salaam, Bi Fundi. Takwimu ulizozikuta hazipingani sana kama zinavyoonekana, ila wanaozisambaza hupenda kuacha maelezo yake. Lita 2.7 na 3.7 zilitolewa mwaka 2004 na Taasisi ya Tiba ya Marekani, na lita 2 na 2.5 zilitolewa mwaka 2010 na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya. Zote zinahesabu maji yote yanayoingia mwilini, yaani maji matupu, chai, uji, mchuzi, matunda, na hata maji yaliyomo ndani ya wali. Wamarekani walikadiria kwamba asilimia 80 hivi hutoka katika vinywaji vya kila aina na asilimia 20 katika chakula, kwa hiyo lita 2.7 za mwanamke zinabaki kama lita 2.2 za kunywa, na 3.7 za mwanamume zinabaki kama lita 3. Isitoshe, takwimu hizo zinaonyesha jinsi watu wenye afya wanavyokunywa kwa kawaida katika nchi hiyo. Hazikusudiwi kuwa mpaka ambao mtu akishindwa kuufikia ataugua.

Bilauri nane inaelekea zilianzia mwaka 1945, wakati Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ilipoandika kwamba mtu mzima anahitaji lita 2.5 hivi kwa siku, kisha ikaongeza papo hapo kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho tayari imo katika chakula. Watu waliibeba sentensi ya kwanza wakaiacha ya pili. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa fiziolojia ya figo, alipekua maandishi ya kisayansi akitafuta ushahidi wa bilauri nane kwa watu wazima wenye afya, na hakuupata. Hizo lita nne za WhatsApp kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, fundi na hamali, hazina mwenyewe.

Kwa hiyo anza kwa kuhesabu yale ambayo hukuwa ukiyahesabu. Asubuhi unakunywa vikombe viwili vya chai pamoja na mahamri na mbaazi za nazi: chai peke yake ni karibu nusu lita, na mbaazi zina mchuzi wake. Mchana unakula wali, ambao zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na jioni kipande cha tikiti, ambalo zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Mwanamke anayekula hivyo na kukaa chini ya feni hahitaji kujilazimisha lita tatu za maji matupu.

Hata hivyo takwimu za Ulaya zimewekwa kwa hali ya hewa ya wastani na kazi ya wastani, na Februari ya Mombasa haina wastani wowote. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliopima jinsi maji yanavyoingia na kutoka katika miili ya watu zaidi ya 5,600 wa nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba matumizi ya maji hupanda kwa joto, kwa unyevu wa hewa, kwa ukubwa wa mwili na kwa kazi za sulubu, na kwamba tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa mno kuweza kutoshea katika takwimu moja. Kwako wewe ningekadiria lita 2 hadi 2.5 za vinywaji vyote, chai ikiwemo, kisha ningeangalia mkojo wa mchana. Ukiwa wa manjano hafifu, unakunywa vya kutosha. Ukiwa na rangi ya chai ya mkandaa, ongeza. Usitumie mkojo wa alfajiri kwa kipimo hiki, kwa sababu huwa mzito hata kwa mtu aliyekunywa vizuri, wala usishtuke ukiona manjano kali baada ya kumeza vidonge vya vitamini B.

Kuhusu mama mkwe nitasema kwa tahadhari. Kiu hupungua kwa umri, kwa hiyo mzee anaweza kukaukiwa bila kuhisi, na ni vizuri awekewe bilauri karibu na apewe kila baada ya muda badala ya kuachwa aombe. Lakini baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kutoa maji na chumvi mwilini, na wazee wengine wenye presha wana moyo au figo zilizodhoofika, ambao daktari huwapunguzia maji kwa makusudi. Nenda na vidonge vyake kliniki anakohudhuria, uulize waziwazi kama amewekewa kiwango. Miguu ikimvimba, akashindwa kupumua anapolala chali, au uzito ukapanda zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, asiongezewe maji nyumbani, apelekwe hospitali.

Bodaboda wa Bombolulu

Kwa heshima zote kwa daktari, naona jambo hili linafanywa gumu kuliko lilivyo. Babu zetu hawakuwa na chupa zenye mistari ya vipimo, na kiu iliwatosha. Mtu akihisi kiu anywe, asipohisi asinywe. Jambo la pili ni kwamba chai na kahawa hazipaswi kuhesabiwa, kwa kuwa kila mtu anajua kahawa chungu inakausha mwili. Ukinywa vikombe vitatu pale kijiweni unakimbilia chooni.

Afisa wa Kliniki, Kisauni

Ndugu yangu, katika la kwanza uko karibu na ukweli kuliko ule ujumbe wa WhatsApp. Kwa mtu mwenye afya, asiye mzee, asiyefunga na asiyefanya kazi nzito juani, kiu pamoja na kinywaji cha kila mlo humtosha, kwa sababu ubongo huanza kudai maji mara tu damu inapozidi kidogo sana kuwa nzito. Tatizo ni kwamba katika nyumba ya Bi Fundi wengi wanaangukia nje ya maelezo hayo.

Katika la pili sikubaliani nawe. Kafeini huongeza mkojo kidogo, hasa kwa asiyeizoea, lakini hautoi maji yote uliyoyanywa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza waliwapa wanaume 50 waliozoea kahawa vikombe vinne kwa siku, kisha katika kipindi kingine wakawapa maji kwa kiasi kilekile, na vipimo vya maji mwilini havikutofautiana. Kikombe cha kahawa chungu ni kidogo sana, kwa hiyo mchango wake ni mdogo, lakini ni mchango. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sukari katika chai zetu na katika soda, na hiyo ni sababu nzuri ya kupenda maji matupu.

Mzee wa Kilindini

Bi Fundi, mwanangu, mimi nilisimamia wapakuzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema juu ya mumeo tu.

Mwili hupoa pale jasho linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu huwa imejaa unyevu, hasa ndani ya ghala ambalo upepo haupiti, na jasho huchuruzika hadi kwenye viatu bila kuipoza ngozi, mwili nao huzidi kulitoa. Ndiyo maana mtu wa ghalani anaweza kulowa shati mara mbili kabla ya adhuhuri huku mwenzake anayefanya kazi ileile gatini, penye upepo wa bahari, akiwa na shati moja. Hamali hawa wawili huwezi kuwapa kiasi kimoja cha maji.

Njia ya kujua kiasi chake yeye ni mzani. Ajipime kabla ya kazi, akiwa amekwisha kwenda haja ndogo na amevaa nguo nyepesi. Wakati wa mapumziko ajifute jasho vizuri, avue shati lililolowa avae kavu lenye uzito uleule, ajipime tena. Kilo moja iliyopungua ni sawa na lita moja hivi ya jasho, na hapo huongezwa maji aliyoyanywa katikati. Tuseme alianza na kilo 68.4, baada ya saa tatu akawa na kilo 67.2, na katikati alikunywa lita 1.5 bila kwenda haja. Amepoteza zile kilo 1.2 pamoja na zile lita 1.5, yaani lita 2.7 kwa saa tatu, sawa na lita 0.9 kwa saa. Mzani wa magunia haufai kwa kazi hii, kwa sababu gramu mia mbili kwake si kitu. Ule mdogo wa dijitali wa nyumbani ndio unaofaa. Afanye hivyo katika siku ya jua kali na tena katika siku ya mawingu, atakuwa na kiwango cha juu na cha chini.

Si lazima alipe kila tone palepale. Katika mfano huo upungufu wake ni chini ya asilimia mbili ya uzito, ambayo kwake ni kama kilo 1.4. Ukipita hapo ndipo nguvu na umakini huanza kushuka, na mtu anayepanda ubao akiwa na gunia la kilo 50 begani hana ruhusa ya kupoteza umakini. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani hushauri takriban mililita 240, yaani bilauri moja isiyojaa sana, kila baada ya dakika 15 hadi 20 kwa mtu anayefanya kazi kwenye joto, na asipitishe takriban lita 1.4 kwa saa. Wapakuzi wengi hufanya kinyume: husubiri filimbi ya mapumziko, kisha humimina chupa nzima kwa mkupuo, tumbo likajaa na kazi ikawa nzito.

Huo mpaka wa juu si wa mapambo. Figo zenye afya hutoa kama lita moja kwa saa, na maji yakizidi uwezo wao sodiamu, yaani madini yaliyomo katika chumvi, hushuka katika damu, mtu akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, zile ambazo Rodgers Rop na Margaret Okayo waliishindia Kenya kwa upande wa wanaume na wa wanawake, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, na asilimia 13 kati yao walikuwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi. Dalili iliyowatambulisha zaidi ni kwamba wengi wao walikuwa wameongezeka uzito wakiwa mbioni, maana yake walikunywa zaidi ya walichopoteza. Mkimbiaji mmoja wa mbio hizo alifariki kwa sababu hiyo. Mumeo akirudi kutoka kazini akiwa mzito kuliko alivyoondoka, amepitiliza.

Chumvi ya jasho hurudishwa na chakula cha kawaida cha mchana. Watu husema madafu yanatosha. Nayapenda sana, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo ayanywe pamoja na chakula.

Mkunga Mstaafu, Likoni

Naona wote mmempita mtoto mchanga, na yeye ndiye ninayemhofia. Mtoto wa miezi mitatu anayenyonya hapewi maji hata kijiko, hata katika joto la Machi. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, na hilo linahusu nchi za joto pia, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maziwa hayo ni maji. Maji ya kikombe hujaza tumbo dogo, hupunguza kunyonya, huleta kuharisha, na yakizidi hushusha chumvi katika damu ya mtoto. Bibi yake akiona mtoto ana joto, amvue kofia na soksi, kisha wifi amnyonyeshe mara nyingi zaidi. Nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku ni ushahidi kwamba anapata vya kutosha.

Wifi mwenyewe ndiye wa kuongezewa: takwimu za Ulaya alizozitaja daktari humpa anayenyonyesha mililita 700 zaidi ya mwanamke mwingine. Awe na bilauri ya maji pembeni kila anapokaa kunyonyesha.

Fundi Cherehani, Majengo

Nawashukuru sana nyote, na wewe mzee wangu, shikamoo. Mambo mawili yamebaki. La kwanza, mama mkwe amezoea maji ya kisima, anasema ya mkokoteni hayana ladha, na wakati mwingine huyachemsha akayanywa. Je, yakichemshwa yanafaa? La pili, Ramadhani ikituangukia katika joto hili, mume wangu atalipaje hayo maji ya jasho?

Afisa wa Kliniki, Kisauni

Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Ulimi wa kawaida huanza kuhisi munyu pale lita moja inapokuwa na takriban miligramu 200 za sodiamu. Kisima kikiwa na miligramu 400, ambacho ni kisio langu la mfano tu, lita 2 zitampa miligramu 800, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku kutoka katika vyakula na vinywaji vyote. Mgonjwa wa presha anayemeza kidonge asubuhi kisha akanywa munyu mchana anaifanyia dawa yake ubishi. Kama anataka ladha, kamulia ndimu au tia ukwaju katika maji ya mkokoteni, yaliyochemshwa au kutiwa klorini kama kawaida. Kuhusu kufunga kwake yeye, aanze kwa daktari wake, kisha kwa shekhe wake.

Kuhusu mumeo, kwetu karibu na ikweta saumu hudumu kama saa 13 na nusu mwaka wowote, kwa hiyo anabaki na saa zaidi ya kumi za kunywa. Azigawe: bilauri mbili za futari, uji, supu na matunda, kisha bilauri kila baada ya muda hadi usingizi, na nyingine mbili pamoja na daku. Lita nzima inayonywewa kwa mkupuo karibu na adhana ya alfajiri huishia chooni kabla ya saa nne asubuhi. Lakini nitakuwa mkweli: jasho la lita 0.9 kwa saa haliwezi kufidiwa usiku mmoja bila mwili kulipia mchana. Aombe zamu ya usiku au kazi ya kivulini, na akihisi kizunguzungu au jasho likakatika ghafla huku mwili ukichemka, aache kazi, apozwe kwa maji, na apelekwe hospitali mara moja.

Sasa mtungi wako, nje ya Ramadhani. Wewe lita 2.2, mama mkwe 1.5 hadi kliniki iseme vinginevyo. Binti wa miaka 7, ambaye Ulaya humhesabia lita 1.6 pamoja na chakula, 1.3 za kunywa, wifi 2.8, mumeo 2 nyumbani na 3 za kubeba kazini, mpaka mzani utakapomrekebisha. Jumla ni lita 12.8 kwa siku, chai na uji vikiwemo. Ukiacha nafasi ya wageni na ya kumwagika, hiyo ni mitungi mitatu kwa siku nne.

Mkunga Mstaafu, Likoni

Hiyo ni ya kunywa peke yake, Bi Fundi. Maji ya kupikia wali na mchuzi yatenge mbali, na hayo pia yasiwe ya kisima, kwa sababu munyu wake wote utabaki ndani ya sufuria.